Mwinjilisti wetu ni mama, anafanya kazi zote za kanisa isipokuwa Meza ya Bwana. Kwa nini asiwekwe mikono?

#1 MwanaHeru
Wakuu habari zenu. Naomba tujadili hili kwa heshima maana kwetu limeshaanza kugawa watu. Niko Kasulu vijijini, muanglikana wa kuzaliwa. Mtaa wetu unaongozwa na mwinjilisti mwanamke, huu mwaka wa 19 sasa. Ndiye anaongoza ibada ya Jumapili, anafundisha watoto wa kipaimara, anazika, anapatanisha ndoa, anazungukia wagonjwa kwa baiskeli ya mumewe. Kitu kimoja tu hafanyi, Meza ya Bwana. Hiyo mpaka kasisi aje, na kasisi ana mitaa mingi, kwa hiyo masika inaweza kupita miezi miwili hata mitatu hatujashiriki.

Sisi vijana tumeandika barua kwenda baraza la parishi kuomba apelekwe chuo, akimaliza awekwe mikono awe shemasi halafu kasisi. Baraza limepasuka nusu kwa nusu. Wazee wawili wamesema siku hiyo ikifika wao kikombe chake hawatapokea.

Kilichonifanya nishike kalamu ni bibi yangu. Mwaka jana mwezi wa nne alikuwa kwenye hali ya mwisho, akaomba Ushirika. Kasisi yuko upande wa pili, barabara imekatika, hata pikipiki haipiti. Mwinjilisti alikuja usiku na mvua, kitenge kimelowa mpaka magotini, akapiga magoti pembeni ya kitanda. Bibi akamwambia "mwanangu, nipe mkate." Yule mama akamshika mkono akasema "mama, hilo sijapewa, tuombe." Wakaomba. Alfajiri bibi akaondoka. Na ile mikono iliyokosa ruhusa ndio ile ile inayofua kitambaa cheupe cha mezani na kukinyoosha kwa pasi ya mkaa kila kasisi akitangaza anakuja.

Swali langu, kinachozuia hasa ni nini? Ni Biblia, ni mila zetu Waha, au ni utaratibu tu?

#2 Ndugu wa Ujiji
Pole sana kwa bibi. Lakini machozi yasitutungie mafundisho. 1 Timotheo 2:12 iko wazi, Paulo hampi mwanamke ruhusa ya kufundisha wala kumtawala mwanaume, na hakusema ni kwa sababu ya Efeso, alirudi mpaka kwa Adamu na Hawa. Mwinjilisti wenu namheshimu sana. Ila Yesu alichagua thenashara na wote walikuwa wanaume, na hakuwa mtu wa kuogopa macho ya watu.

#3 Mama Tatu
Kaka #2, thenashara hao hao wote walikuwa Wayahudi. Mbona wewe wa Ujiji unaruhusiwa kuwa askofu?

Na huyo huyo Paulo 1 Wakorintho 11:5 anazungumzia mwanamke anaposali na kuhutubu kanisani, anachomwambia ni afunike kichwa, hakumwambia anyamaze. Sisi hapa Nguruka vichwa tumeshafunika toka zamani, bado mnataka nini? 😀

#4 Reli ya Kati
Mleta uzi, mimi naona tatizo lako ni historia kuliko Biblia. Niko Tabora mjini. Kanisa Anglikana Tanzania lilikuja kwa milango miwili, yaani mashirika mawili ya wamisionari, UMCA na CMS. Zanzibar, Tanga, Masasi na kusini huko ilikuwa UMCA, wale mapokeo yao yako karibu na Wakatoliki, padre, misa, ubani. Dodoma, Mara na huku kwetu magharibi ni CMS, walokole, mahubiri kwanza. Mpaka leo ni kanisa moja lakini kila dayosisi inaamua yenyewe kwenye hili, ndio maana Dodoma utakuta makasisi wanawake na ukienda dayosisi za UMCA si rahisi kuwakuta. Kwa sisi wa CMS hili halikutakiwa hata kuwa na mjadala maana CMS hawakuwa na shida na wanawake.

#5 dagaa_mbichi
Asante mkuu #4. Kumbe ndio maana nilipohamia Tanga nilihisi nimeingia kwa Wakatoliki nikataka kutoka nje 😅

#6 Mwalimu Buha
#4 umeanza vizuri ukamaliza vibaya. CMS ya huku ilitoka Australia. Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa 1927 na askofu wake wa kwanza George Chambers alitoka Sydney. Western Tanganyika yetu yenye makao hapa Kasulu ilikatwa kutoka humo 1966, askofu wa kwanza Musa Kahurananga. Sasa nenda kaangalie Sydney yenyewe: mpaka leo hawaweki wanawake kuwa makasisi, wanaishia ushemasi. Ni walokole wa Biblia kabisa na bado wamekataa. Kwa hiyo hesabu ya "UMCA wanakataa, CMS wanakubali" haitoki.

Tofauti ni sababu zao. Wa mapokeo ya UMCA anakwambia kasisi anasimama mezani kwa niaba ya Kristo na kanisa la kale halikuwahi kumweka mwanamke, hatuwezi kubadilisha peke yetu. Wa Sydney ye anakwambia mamlaka ya kufundisha ni ya mwanaume. Ukimjibu mmoja hujamjibu mwingine, na ndio maana vikao vyetu haviishi, watu wanajibiana maswali ambayo hayajaulizwa.

Kwa huku Buha mimi ningeongeza uamsho. Ulianzia Gahini Rwanda miaka ya 1930 ukasambaa mpaka kwetu. Kwenye ushirika wa walokole mama alikuwa anasimama anatoa ushuhuda, anakemea dhambi ya mzee wa kanisa mbele ya watu, na mzee analia anatubu. Nimekua naona hayo. Mwanamke kuongoza roho za watu huku si kitu kigeni hata kidogo.

#7 Reli ya Kati
Nimekubali kusahihishwa mwalimu. Hilo la Sydney nilikuwa silijui.

#8 Mzalendo255
Mnazunguka tu. Hii kitu imeletwa na wazungu. Angalieni Uingereza, mwezi wa kumi 2025 wametangaza mwanamke Sarah Mullally kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, yaani kiongozi wa Waanglikana wote duniani, na tunajua wanakoelekea kwenye ndoa za jinsia moja. Ukifungua mlango wa kwanza wa pili unajifungua wenyewe. Mleta uzi na barua yenu mnatumika bila kujua.

#9 Padri mdogo
#8 kaka yangu, taratibu, hapo kuna mambo matatu ya kunyoosha.

Moja, Canterbury si Papa. Hawezi kuamuru dayosisi yoyote ya Tanzania imuweke nani. Ni wa kwanza kati ya walio sawa, basi.

Mbili, haikuanzia Ulaya. Mwanamke wa kwanza kuwa kasisi wa Kianglikana ni Mchina, Florence Li Tim-Oi. Alikuwa shemasi Macau wakati wa vita vya pili, Wajapani wameshika maeneo ya jirani, makasisi kutoka Hong Kong hawawezi kuvuka, waumini na wakimbizi wamejaa na hakuna wa kuwapa Ushirika. Askofu Ronald Hall akamweka ukasisi tarehe 25 Januari 1944. Baada ya vita wakubwa wakaja juu, na 1946 yule mama akarudisha leseni yake ili kumpunguzia askofu wake msukosuko. Uingereza yenyewe ilikuja kuweka makasisi wanawake 1994, miaka 50 baadae! Na mjue suala hili lilipigiwa kura jirani hapa Limuru, Kenya, mwaka 1971. Baraza la Waanglikana la dunia liliulizwa na askofu wa Hong Kong kama akiweka wanawake itakubalika, kura zikawa 24 kwa 22. Kura mbili tu.

Tatu, hilo la mlango wa pili. Uganda waliweka wanawake watatu 1983, askofu alikuwa Festo Kivengere huko Kigezi, mlokole wa kweli kweli. Kenya mwaka 2021 Butere wamepata askofu mwanamke, Rose Okeno. Rwanda wanao makasisi wanawake. Na hao hao Uganda, Kenya na Rwanda ndio wako mstari wa mbele GAFCON, ule umoja wa Waanglikana wenye msimamo wa kihafidhina, tangu 2008 kupinga hayo ya ndoa za jinsia moja. Sasa huo mlango wa pili mbona kwao haujafunguka?

MwanaHeru, soma tena habari ya Macau halafu usome tena uliyoandika kuhusu bibi yako. Mimi nilinyamaza kidogo.

#10 Mzalendo255
Hilo la Uganda nalipokea, sikulijua. Ila Nigeria nao wako GAFCON na hawaweki makasisi wanawake, na ndio kanisa kubwa la Waanglikana Afrika. Kwa hiyo ndani ya hao hao mnaowasifia hakuna makubaliano. Mimi msimamo wangu uko pale pale.

#11 Ndugu wa Ujiji
#9 umeeleza vizuri lakini umethibitisha hoja yangu. Dharura ya vita ilizaa jambo, vita ikaisha jambo likabaki. Dharura haiwezi kuwa sheria. Mtu akizidiwa hata muumini wa kawaida anaruhusiwa kubatiza, lakini hatumfanyi kasisi kwa sababu hiyo.

#12 Mama Tatu
Ndugu yangu, miezi mitatu kila masika kwa miaka 19 unaiita dharura? Hayo ndio maisha yetu.

#13 Binti wa Urambo
Naomba nitoe ya kwangu. Baba yangu ni kasisi, nimekulia nyumba za parishi. Watu wanagombana kwa mistari lakini kwenye vikao nimewasikia wakigombana kwa mambo mengine kabisa. Nani atalipa chuo. Kasisi mwanamke akihamishwa parishi ya mbali mumewe mwenye shamba lake la tumbaku anamfuata au anabaki. Akiwa na mimba nani anashika parishi. Na lile lisilosemwa kwa sauti, kwamba akiwa kwenye siku zake asiguse vitu vya mezani. Mzee mmoja aliwahi kumwambia hivyo baba sebuleni kwetu mimi niko jikoni nasonga ugali. Baba akamjibu "mkeo anakupikia siku hizo au unafunga?" Mzee akanywa chai yake kimya.

Yale ya chuo na uhamisho yanazungumzika. Hili la mwisho linavalishwa nguo ya 1 Timotheo.

#14 Ndugu wa Ujiji
Dada #13 mimi sijawahi kuamini hayo ya siku na nayakataa. Usinijumlishe.

#15 Binti wa Urambo
Sijakujumlisha kaka. Wewe angalau unasema unachokiamini mbele za watu.

#16 Chai ya Rangi
Mimi Mroma, nachungulia tu. Swali la kizembe, mkimpata huyo kasisi mwanamke mtamuitaje? Maana huku "Mama Mchungaji" tayari ni mke wa mchungaji. Na mumewe je, Baba Mchungaji?

#17 dagaa_mbichi
😂😂 Hapo #16 umegusa penyewe. Mlutheri jirani yetu mkewe ni mchungaji, KKKT walishapitisha wanawake toka 1990. Yule baba kila akienda sokoni Mwanga anapigiwa "shikamoo mchungaji", anaitikia "marahaba" anaendelea kuchagua migebuka. Ameshachoka kuelezea.

#18 Mwalimu Buha
Neno "kasisi" halina jinsia, muiteni Kasisi imetosha.

Na kwa kuwa tumegusa maneno, fungueni Warumi 16:1. Biblia yetu ya Union inasema Fibi ni "mhudumu" wa kanisa la Kenkrea. Kwa Kigiriki hapo ni diakonos. Neno hilo hilo Wafilipi 1:1 limetafsiriwa "mashemasi". Mwanaume akawa shemasi, mwanamke akawa mhudumu. Sisemi watafsiri walikuwa na nia mbaya, ila mtoto wa kipaimara wa Buhigwe anakua anaamini hakuna shemasi mwanamke kwenye Biblia kwa sababu ya neno moja.

#19 Ndugu wa Ujiji
Mwalimu na wewe sema yote. Diakonos maana yake ya kawaida ni mtumishi, na limetumika kwa watu wengi wasio na cheo. Kristo mwenyewe kaitwa hivyo Warumi 15:8. Kwa Fibi inaweza kuwa cheo, inaweza isiwe. Na hata ikiwa ushemasi, Sydney uliowataja wameishia hapo hapo. Kutoka shemasi mpaka kasisi kuna hatua.

#20 Mwalimu Buha
Haki yako. Warumi 15:8 nilitakiwa niitaje.

#21 Mkimbizi aliyerudi
Nimeishi pande zote mbili za mpaka. Anglikana Burundi wana makasisi wanawake, si habari tena. Nilipokuwa kambini Nyarugusu mama mmoja kasisi alikuwa mkimbizi kama sisi, alikuwa anatupa Ushirika chini ya turubai, divai kidogo kwenye kikombe cha plastiki cha bluu. Watu walikuwa wamepoteza nyumba na watoto. Sikumbuki mtu hata mmoja aliyerudi nyuma kwenye foleni kwa sababu mkono ulikuwa wa mwanamke. Lakini nilipotoka nje ya kambi nikasimulia kanisani kijijini, mzee akaniuliza "na mlipokea?" kama vile nimemwambia tulikula sumu.

#22 Mtu wa Tanga
Nimetoka upande wa UMCA, kazi imenileta Tabora. Naomba nitoe wazo ambalo hamtalipenda. Kwetu padre akishaadhimisha, mkate mtakatifu unahifadhiwa, na wagonjwa wanapelekewa. Mwinjilisti mwenye kibali cha askofu angeweza kubeba. Bibi wa mleta uzi angepokea usiku ule ule na hakuna mwanamke aliyehitaji kuwekwa mikono. Ninyi wa CMS mlikataa kuhifadhi mkate mkaona ni mambo ya Roma, sasa mnatafuta kubadilisha ukasisi wenyewe.

#23 Padri mdogo
#22 hoja nzito na sijaiona ikiletwa kwenye kikao hata kimoja huku. Ila walokole wetu ukiwaambia mkate ukae kwenye sanduku kanisani, hao wazee wawili watakuwa ishirini.

#24 Ndugu wa Ujiji
Mimi ni wa kwanza. Nakataa mwanamke mezani na nakataa mkate kuhifadhiwa.

#25 Mama Tatu
Kwa hiyo bibi afe bila Ushirika. Sema tu kaka.

#26 Ndugu wa Ujiji
Hapana. Kasisi awe na mitaa minne, sio kumi na minne. Tuchange, tusomeshe vijana wengi, tununue pikipiki. Hilo nalisema toka moyoni na kwetu nimeanza, natoa kila mwezi.

#27 Msomi asiye na parishi
Nimesoma uzi wote nikasita kuandika. Mimi ni mwanamke, nilimaliza chuo cha theolojia, sitataja chuo wala dayosisi. Darasani nilikuwa nasaidia wanaume watatu Kigiriki. Wote watatu wamewekwa mikono. Mimi niliambiwa nisubiri sinodi, kikao kikuu cha dayosisi. Sinodi ikaja, ajenda ikasogezwa. Ikaja nyingine, muda ukaisha. Hakuna aliyewahi kuniambia hapana, wangeniambia ningelia nikaendelea na maisha. Sasa nafundisha dini shule ya sekondari na Jumapili nakaa benchi la tatu.

Ila MwanaHeru nina swali, nimelitafuta kwenye posti zote 26 sijaliona. Huyo mwinjilisti mwenyewe mmemuuliza? Anataka?

#28 Chai ya Rangi
Duh.

#29 Mzalendo255
Dada #27 sikubaliani na wanawake kuwekwa ukasisi lakini ulivyofanyiwa si haki. Mtu anajibiwa. Pole.

#30 MwanaHeru
Wakuu, nilikuwa kimya siku nne. #27 swali lako lilinichoma. Hatukumuuliza. Barua tuliandika watu saba, tukapiga muhuri wa kikundi cha vijana, tukajiona tumemtetea, na yeye alisikia habari kisimani kama watu wengine.

Jana jioni nikaenda kwake. Nilimkuta anapepeta maharage uani, mumewe anaziba pancha. Nikamsalimia, nikaomba radhi, nikauliza. Aliendelea kupepeta muda mrefu, nikadhani amekasirika. Halafu akasema, "miaka yote hii nawasikia mnanijadili, wewe ndio wa kwanza kuniuliza." Nikamuuliza sasa unataka? Akasema usiku wa bibi yako alirudi nyumbani hakulala, alikaa jikoni mpaka kumekucha. Akasema wale wazee wawili mmoja ndiye aliyemfundisha kusoma Biblia akiwa binti, na hataki kusimama mezani huku yule mzee ametoka nje.

Mumewe akadakia bila kuinua kichwa, "mimi pasi nitanyoosha." Tukacheka wote.

Nilipokuwa naaga akanisindikiza mpaka kwenye migomba, akauliza: "Hicho chuo ni miaka mingapi? Na nikiwa huko, watu wangu nani atawazika?"

Sikuwa na jibu. Mwenye kujua aniambie.

#31 Padri mdogo
Mwambie si lazima ahame. Kuna masomo ya theolojia ya TEE, anasoma akiwa nyumbani, wanakutana darasani mara chache kwa mwaka. Ofisi ya dayosisi watakuelekeza. Hayatamfanya kasisi moja kwa moja, ila ataanza.

#32 Msomi asiye na parishi
Akianza na akikwama Kigiriki nipigie, namba yangu nimekutumia inbox.

#33 Ndugu wa Ujiji
Msimamo wangu haujabadilika. Ila vitabu vya mwaka wa kwanza nitanunua mimi, kujifunza Neno sijawahi kukataza mtu. Na MwanaHeru, niulizie huyo mzee aliyemfundisha kusoma ni mtaa gani, nikija Kasulu ningependa kukaa nae.

#34 dagaa_mbichi
Ukienda Kasulu sasa hivi nenda na buti, kumenyesha toka juzi.